Springi Hubeba, Shokapu Hutuliza

(Haya ni mazungumzo ya mwanachama wetu mmoja mbele ya mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa shule, baada ya chakula cha mchana. Tumeyachapa kama alivyoyasema.)



Katibu aliponiandikia barua alisema nizungumze dakika ishirini juu ya jambo ninalolijua. Nimekuwa mhasibu maisha yangu yote, na nadhani alitegemea niseme juu ya fedha. Lakini nikitazama nyuso za wazee waliokaa hapa mbele naona habari za fedha wanazijua, hasa habari za kuzikosa. (Kicheko.) Kwa hiyo nitasema juu ya jambo ambalo si kazi yangu, nililolifanya mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri. Nalo ni kubadili shokapu za nyuma za gari kuukuu la spoti, nyumbani, chini ya mwembe.

Gari lenyewe liko pale nje, na vijana wamelizunguka tangu asubuhi. Ni Datsun 240Z. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1969, na huko lilipewa jina la Fairlady Z. Lina milango miwili, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Wazee wa rika langu hawahitaji kuelezwa zaidi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi kila Pasaka tulijua nani yuko mbele kwenye mashindano kabla ya kujua nani yuko mbele darasani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari la aina hii. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda tena kwa aina hii hii.

Sisi watoto tulidhani siri ni injini. Tulikuwa tukiigiza mlio wake kwa midomo tukikimbia kwenda mtoni. Hakuna mtoto aliyeigiza shokapu, kwa sababu shokapu njema haina mlio. Nimeishi miaka mingi ndipo nikafahamu kwamba katika barabara zetu injini haina faida yoyote ikiwa magurudumu hayagusi ardhi.

Vijana, hebu niulize. Springi na shokapu zina tofauti gani? (Sauti kutoka nyuma: "Ni kitu kimoja!") Ahsante. Hivyo ndivyo nilivyodhani hata mimi mpaka nikawa na mvi. Wangapi hapa wamelala kwenye vitanda vya springi vya bweni letu? Wazee wote, naona. Basi mnakumbuka: mwenzako akijitupa kitandani, kitanda kilimrusha juu, kikamrusha tena, na tena, mpaka kilipochoka chenyewe. Hiyo ndiyo tabia ya springi. Inabeba uzito, na kila inapokandamizwa inarudisha nguvu yote iliyopewa. Gari lenye springi tupu lingeruka kila shimo mara tano.

Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza springi. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka katika mafuta, na ili ipite inabidi mafuta yapenye katika matundu madogo sana. Chukua bomba la baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma: utaona linavyokukatalia, halafu utaona linapata moto. Shokapu ni hivyo hivyo. Ile nguvu ya kurukaruka inageuzwa kuwa joto, na joto linatokea nje kwenye chuma. Ukisimama baada ya mwendo mrefu katika barabara mbovu, bomba la shokapu nzima huwa na joto. Likiwa baridi kabisa, jiulize.

Sasa nije kwenye kisa. Miaka michache iliyopita gari langu lilianza kutikisa mkia. Nikipita tuta, nyuma inapanda na kushuka mara tatu, nne. Matairi ya nyuma yakawa yanalika kwa mabaka, hapa pamelika, hapa pazima, kama mahindi yaliyoguguniwa na panya. Chini ya gari nikaona mafuta yametapakaa juu ya bomba la shokapu na vumbi limegandia. Dalili zote tatu zilikuwapo. Nikapeleka gari gereji moja mjini. Nikaambiwa shokapu zimekufa zote mbili, nikalipa bei ya shokapu mpya, na siku ya pili nikaonyeshwa mabomba meusi yanayong'aa kama viatu vya Jumapili. Nikashukuru, nikaenda zangu.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa na mama watoto tukitoka shambani, kwenye barabara ya changarawe iliyofanya vile vimatuta vidogo vidogo kama ubao wa kufulia. Mwendo haukuwa mkubwa. Tulipofika kwenye kona, nyuma ya gari ikaanza kucheza. Kila kituta kiliinua magurudumu, na kabla hayajatulia chini, kituta kingine kimefika. Gurudumu lililo hewani halina breki wala halishiki njia. Mkia ukatutangulia. Tulizunguka, tukasimama ndani ya shamba la mahindi tukitazama tulikotoka. Hatukuumia. Vumbi lilipotulia mama watoto akanitazama akasema, "Si ulisema umelipa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipa, ila sikuwa nimetazama.

Nyumbani nilifanya jaribio ambalo ningelifanya siku ile ile gereji, nalo halihitaji hata senti moja. Simama nyuma ya gari, elemea kona moja kwa uzito wako wote, kisha achia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja, likarudi mahali pake likatulia. Langu liliendelea kuitikia kama mgeni anayekubali kila neno. (Kicheko.)

Niliamua kufungua mwenyewe. Nikaagiza katriji mbili mpya za shokapu za nyuma, kwa kuwa shokapu hubadilishwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Ukiweka mpya upande mmoja na kuacha mzee upande wa pili, gari litachechemea. Msaidizi wangu alikuwa mjukuu wangu, aliyekuwa likizo. Yuko Kidato cha Tatu katika shule hii, na sasa hivi ameinamisha kichwa kule nyuma akiomba nisimtaje. (Makofi.)

Lazima nieleze kidogo jinsi gari hili lilivyoundwa. Kila gurudumu la nyuma lina nguzo moja ya chuma iliyosimama. Ndani ya nguzo mna shokapu, na nje yake imezungukwa na springi. Juu, nguzo imeshikwa na mwili wa gari kwa nati tatu, ambazo unazifikia ndani ya gari sehemu ya mizigo. Chini, imeshikwa na mkono wa chuma kwa pini moja ndefu inayopita ndani ya bushi za mpira. Pini hii ni maarufu kwa wenye magari haya wa nchi zote. Ikikaa miaka hamsini na kutu yake, haitoki kwa maneno matamu.

Mimi niliona pini, nikadhani lazima itoke. Nikapandisha gari kwa jeki. Stendi za chuma nilikuwa nimemwazima jirani, na jirani alikuwa amesafiri. Nikasema moyoni, ni kazi ya dakika kumi tu. Vijana, sikilizeni vizuri neno hilo. Nikafungua gurudumu, nikalala chini ya gari, nikaanza kugonga pini kwa nyundo. Ilipokataa nikagonga zaidi. Kila pigo lilitikisa gari, na kila mtikisiko uliisogeza jeki kidogo kwenye udongo wa bustani. Sikuona, maana macho yangu yalikuwa kwenye pini.

Gari lilianguka.

Lilianguka hatua fupi tu, kisha likagota juu ya kitu na kusimama, kiasi cha vidole vinne juu ya bega langu. Nikageuza macho. Lilikuwa limetua juu ya gurudumu lile nililolifungua, limelazwa chini ya ubavu wa gari. Mimi sikuliweka pale. Nakumbuka nililiegemeza kwenye shina la mwembe. Mjukuu wangu akainama akaniambia kwa sauti ya taratibu, "Babu, usitikisike. Nakwenda kuleta jeki nyingine." Akaenda, akarudi, akainua gari, nikatoka nikakaa chini, na kwa muda mrefu sikuweza kushika kikombe.

Baadaye nilimwuliza nani aliyemfundisha. Akasema, "Mwalimu wa karakana. Alituambia gurudumu likifunguliwa lisiegemezwe pembeni, lilazwe chini ya gari." Nikamwuliza mbona hakuniambia kwamba analiweka. Akasema, "Babu ulikuwa na haraka, nikaona nisibishane na mkubwa, niweke tu." Ndugu zangu, mtoto alinionea haya, lakini hakuionea haya kazi. Ningependa wajukuu wetu watuambie kwa sauti. Siku nyingine huenda gurudumu lisiwe karibu.

Tulisimamisha kazi juma zima mpaka zilipopatikana stendi. Mara ya pili tulifanya hivi, na nitaeleza kwa mpangilio kwa faida ya wale wanaoandika.

Kwanza, gari liwe juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Magurudumu ya mbele yawekewe vigingi mbele na nyuma. Nati za magurudumu zilegezwe gari likiwa bado chini. Kisha inua, weka stendi mbili imara chini ya chesisi, shusha gari likalie stendi, ulisukume kwa mikono uone kama linacheza. Magurudumu yaliyofunguliwa yalale chini ya gari pande zote mbili. Jeki ni ya kuinulia. Haifai kulaliwa chini yake.

Pili, siku moja kabla, nati na bolti zote utakazofungua zisuguliwe kwa brashi ya waya, zipakwe mafuta ya kulegeza kutu, ziachwe usiku kucha. Subira ya usiku mmoja ilifanya kazi kuliko nyundo yangu.

Tatu, na hapa ndipo nilipojionea aibu, ile pini haikuwa lazima itoke. Unaiacha mahali pake. Unatenganisha mpira wa breki na kuuziba mdomo ili uchafu usiingie, unaachia kebo ya breki ya mkono, unafungua bolti nne zinazoshika shafti kwenye habu. Kisha mwenzako anaishika nguzo wakati wewe unafungua zile nati tatu za juu. Nguzo yote inashuka polepole na kuegemea nje, ikiwa bado imeshikwa chini na pini yake. Nilikuwa nimehatarisha maisha yangu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuhitaji kuguswa.

Nne ni springi, na hii ni sehemu ya kuogopa kwa akili. Springi hata ikiwa imetoka kwenye gari bado imebanwa ndani ya nguzo, imeshikwa na nati moja ya katikati juu. Mtu akifungua nati ile kabla ya kubana springi, kifuniko cha juu kitaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Tulitumia vibano viwili vya skrubu, kimoja kila upande, vikitazamana, tukivikaza kwa zamu, mizunguko michache huku na mizunguko michache kule, mpaka springi ikalegea ikawa inazunguka yenyewe mahali pake. Ndipo nati ikafunguliwa. Hakuna aliyeweka uso wake juu ya nguzo. Kila kitu kilichotoka kiliwekwa alama ya chaki, kushoto au kulia.

Tano, kwenye mdomo wa nguzo pana nati kubwa ya duara inayoifungia shokapu ndani. Tulipofika hapo mjukuu wangu aliita, "Babu, njoo utazame." Chini ya ile rangi nyeusi ya viatu vya Jumapili, nati ilikuwa imeshikana na kutu ya miaka mingi. Haikuwa imeguswa na spana yoyote. Gereji walikuwa wameosha bomba kwa nje na kulipaka rangi. Tulipoifungua kwa spana ya mabomba ukatoka ufito wa zamani, na mafuta kidogo meusi mazito kama uji wa ulezi ulioungua. Shokapu za kiwandani, zilizokufa, ndizo zilizotuzungusha katika mahindi.

Nilikasirika, sitaficha. Lakini mimi ni mhasibu. Maisha yangu yote nimewaambia watu wasitie sahihi kwenye kitabu ambacho hawajakifungua. Mimi mwenyewe nilitia sahihi juu ya rangi.

Sita, nguzo ilisafishwa ndani ikawa kavu. Katriji mpya ni shokapu kamili iliyozibwa, kwa hiyo haihitaji mafuta ya kufanyia kazi. Hata hivyo tulimimina mafuta kidogo ndani ya nguzo kabla ya kuiingiza, ili yajaze nafasi iliyobaki kati ya katriji na nguzo na kuchukua joto kulipeleka nje. Mafuta yasiwe mengi mpaka yakamwagika juu. Nati kubwa ikakazwa sawasawa, maana katriji ikicheza ndani italia kila shimo. Kisha mpira wa kuzuia mgongano, springi iliyobanwa, kifuniko cha juu na nati mpya ya katikati, na vibano vikalegezwa kwa zamu kama vilivyokazwa.

Saba, nguzo ikarudishwa juu, nati tatu, bolti nne za shafti, kebo, mpira wa breki. Breki zikatolewa upepo, mmoja akikanyaga pedali na mwingine akifungua nipeli kwa chini, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Usiendeshe gari kabla pedali haijawa ngumu mguuni. Tulifanya upande wa kushoto siku moja nzima, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linazama. Upande wa kulia ulituchukua saa tano. Hiyo ndiyo tofauti ya kujua.

Baada ya siku chache nilikwenda tena kwenye kona ile. Nilikwenda peke yangu kwanza, kisha na mama watoto, ambaye alishika mlango kwa mikono miwili njia nzima. Gari lilipita juu ya vimatuta likinung'unika kidogo tu, mkia ukifuata kichwa. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Akasema, "Sasa umelipa." (Kicheko na makofi.)

Ndugu Mwenyekiti, ninamalizia. Wakati wetu karakana ya shule hii ilikuwa mahali pa kupelekwa aliyeshindwa hesabu. Sisi tuliojiona wa vitabu tulipita mlangoni tukiziba pua kwa harufu ya mafuta. Nami nilikuwa mmoja wao. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na sisi tulipenda vielee bila kutaka kujua nani kaviunda. Leo nasimama hapa kwa sababu ya sentensi moja iliyofundishwa ndani ya karakana ile.

Asubuhi hii Mwalimu Mkuu alinipeleka kuitazama. Kuna jiliwa mbili, moja imevunjika taya. Kuna spana zisizotimia seti. Kuna injini moja ambayo wanafunzi wanaizunguka kama sisi tulivyozunguka sufuria ya maharage. Stendi ya kuwekea gari hakuna hata moja. Mwalimu anafundisha usalama kwa mdomo na kwa chaki, na bado somo lilifika mpaka bustanini kwangu.

Nyuma ya gari langu, mahali pa mizigo, karibu kabisa na zile nati tatu, nimeleta stendi nne mpya na vibano viwili vya springi. Ni vya karakana. Sitaki jina langu liandikwe juu yake. Ila ningewaomba wazee wenzangu kabla ya chai mpite karakana mkaone nini kimepungua, kila mtu kwa uwezo wake, na mfungue makabati mtazame ndani, msitosheke na rangi ya nje.

Nanyi vijana, mkitoka hapa nendeni mkaelemee mkia wa lile gari, kisha mwachie. Hesabuni linapanda mara ngapi. Likipanda zaidi ya mara moja, njooni mniambie kwa sauti kubwa mbele ya watu wote.

(Makofi.)